Unywele Kwenye Lenzi

Ncha ya mbingu haihami. Hilo ndilo jambo la kwanza baba alilonifundisha kuhusu nyota, nikiwa bado sijajua hata kufunga kamba za viatu, na ndilo lililonitia wazimu wiki ile. Nyota zote huizunguka, jua huchomoza na kutua, watu huzaliwa na kuhama nyumba, yenyewe imekaa palepale. Sasa niambieni, kwa nini kila jioni nilipopanda paani nilikuta darubini yetu imegeukia pembeni yake, wakati jana yake nilikuwa nimeikaza kwa spana mpaka viganja vikauma?

Nilikuwa nimebakiwa na siku chache. Chuo cha ufundi cha mji wa mbali kilikuwa kimenichukua niwe mkufunzi wa vifaa vya upimaji, na safari yangu ilikuwa Jumatatu. Nisipotokea, nafasi inakwenda kwa mwingine. Walinieleza hivyo kwa adabu, lakini walinieleza.

Katika nyumba ile niliingia kwa wiki mbili tu. Mama alikuwa mgonjwa, na mimi ndiye niliyekuwa na likizo. Wiki mbili zikawa mwezi, mama akatutoka, mwezi ukawa mwaka, na miaka ikafuatana kimyakimya bila mtu kuniuliza. Kaka yangu, ambaye tunamjua zaidi kwa sauti maana haonekani ila kwenye simu, alikuwa na sentensi moja: "Wewe si upo hapo?" Nipo. Nilikuwepo mpaka nikachoka kuwepo. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa karakana ya mbao ya jirani, ukuta mtupu, wa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mpini wa ufagio ningeugusa. Mlango wa barabarani ulikuwa na kufuli mbili, ya juu na ya chini, na funguo alikaa nazo shangazi, dada yake baba. Nikitoka kununua sabuni naulizwa nakwenda wapi, nikirudi naulizwa mbona nimechelewa. Mtu mzima, mvi zimeshaanza kuchungulia, naaga kama mtoto wa shule.

Lakini kufuli za shangazi zilikuwa mchezo. Kilichonifunga kwelikweli kilikuwa juu ya paa.

Baba alikuwa fundi saa. Duka alilifunga miaka kadhaa nyuma, akasema watu siku hizi wanaangalia saa kwenye simu, ya nini kukaa siku nzima unafukuza nzi. Darubini aliijenga mwenyewe kwa mikono yake, na Ijumaa jioni watu wa mtaani na wanafunzi walipanda ngazi zetu kuja kuangalia mwezi na sayari, yeye akiwasimulia. Kwa kusimulia hana mpinzani. Walimwita Profesa, na yeye alijifanya hapendi. Ndani ya lenzi ya jicho aliweka nyuzi mbili zilizopishana ili katikati pajulikane, na kwa kuwa waya mwembamba hakuupata, alining'oa nywele mbili kichwani nikiwa darasa la nne, akazinyoosha kwa gundi, akazibana mle. Nililia siku hiyo. Baadaye nikiwa na hasira nilikuwa nikimwambia: mimi mwenyewe nimo ndani ya darubini yako, nitatokaje?

Kazi iliyonibana ilikuwa moja. Darubini imekaa juu ya chuma kizito kinachoizungusha, sisi nyumbani tunakiita shingo. Ndani yake mna mota ndogo inayogeuka polepole kuifuata nyota, ili anayeangalia asiikose. Lakini mota itafuata vizuri ikiwa tu shingo imelenga ncha ya mbingu sawasawa. Ikikosea kidogo, nyota inateleza na kutoka. Na sisi tulikuwa tunaiweka shingo juu ya miguu mitatu, tunaitoa jioni, tunaiingiza ndani tukimaliza, kwa hiyo kila Ijumaa inalengwa upya. Zamani baba aliilenga mwenyewe. Kisha mgongo ukaanza kumsumbua, akasema hawezi kuinama kwenye lenzi, na kazi ikawa yangu. Mgongo huohuo ulipanda ngazi na kubeba ndoo bila shida, lakini ni nani atakayebishana na mgongo wa mzee?

Basi nikapata wazo la nguzo. Tujenge nguzo ya zege paani, tuifunge shingo juu yake kwa boliti, tuilenge mara moja na iwe imekwisha. Hapo baba atakuwa anavua turubai tu na kuwasha mota, na mimi naondoka na roho nyeupe. Nilidhani atakataa. Hakukataa. Alikoroga zege yeye mwenyewe, akalishindilia kwa mti, akaniuliza litakauka lini. Ningekuwa na akili siku hiyo ningejiuliza kwa nini mzee ana haraka kuliko mimi.

Kuilenga ncha kwetu si kazi ya kuangalia ukasema ile pale. Ipo chini mno, karibu imelala kwenye upeo wa macho, na upande huo ndiko ilikosimama karakana ya mbao. Kwa hiyo tunaitafuta kwa kuvizia. Unachukua nyota iliyo juu katikati ya anga, unaikalisha pale nywele zinapopishana, unawasha mota, unasubiri. Ikianza kupanda, boliti za ubavuni unazigeuza huku. Ikishuka, unazigeuza kule. Kisha unachukua nyota iliyo chini mashariki, unafanya hivyohivyo kwa boliti ya kuinua na kushusha. Unarudi ya kwanza. Shingo inakuuma, jicho linatoa machozi, mbu wanajua huwezi kuwapiga. Lakini inafika wakati nyota inakaa. Unaondoka, unakwenda kunywa maji, unarudi, imekaa. Mtu asiyewahi kuiona hawezi kujua raha yake. Jumanne jioni ilikaa, nikashuka ngazi nikiimba, na shangazi akaniuliza kama nimechumbiwa.

Jumatano jioni nyota haikukaa. Iliteleza kana kwamba sikuwahi kugusa kitu.

Nikaanza na tangi la maji. Liko paani, kubwa, na nikawaza likijaa linalemea zege na nguzo inainama. Nikalisubiri lijae, nikapima, likapungua, nikapima tena. Halikuwa na hatia. Nikamgeukia shangazi, maana niliona kamba yake ya nguo imefungwa kwenye nguzo yangu, na mashuka mabichi mawili yamening'inia. Nilimwendea jikoni nimefura, nikamwambia mashuka yake yanavuta mbingu. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. Akasema yeye mashuka yake hayajawahi kumvuta mtu yeyote, hata marehemu mumewe ilibidi amwite. Kisha akasema kamba ameifunga asubuhi ya leo, na mimi nyota zangu zimeharibika tangu jana, nijifunze hesabu kwanza kabla ya kwenda kufundisha watoto wa watu. Alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi zaidi.

Alhamisi hiyo jioni nikailenga upya. Safari hii, baada ya kukaza, nilichukua rangi ya kucha nyekundu nikapaka doa dogo kwenye kila boliti, nusu juu ya kichwa cha boliti, nusu juu ya chuma. Boliti ikigeuka, doa linakatika. Ijumaa nilipopanda, madoa ya boliti za ubavuni yalikuwa yamekatika, la kulia na la kushoto. Tangi halishiki spana. Mashuka hayashiki spana. Kulikuwa na mkono.

Nilikuwa nimeona na jambo jingine ambalo sikulipenda. Kwenye shingo kuna duara mbili za chuma zenye namba, zinazoonyesha darubini imegeukia wapi. Kandokando ya namba zile mtu alikuwa amekata mapengo kwa tupa ndogo, mengine mawili mawili, mengine matatu, chuma kinang'aa. Tupa ndogo ndani ya nyumba ile alikuwa nayo mtu mmoja. Nikajisemea, mzee sasa anaharibu vyombo kwa makusudi.

Jioni hiyo tuliwaambia wageni wasije, nikailenga tena nikinuna, na Jumamosi alfajiri, kabla kiza hakijatoka, nilipanda ngazi pekupeku nikajibanza nyuma ya tangi. Haukupita muda baba akatokea. Alikuja taratibu, mkono juu ya ukuta, akavuta turubai. Mfukoni alitoa timazi, ile ya fundi ujenzi, kipande cha risasi kwenye uzi. Akaitundika upande mmoja wa shingo, akapiga magoti, mgongo wake ule mbovu ukakunjika vizuri kabisa, akapapasa sakafu.

Nilijua anapapasa nini. Kuna mstari pale, aliouchimba kwa patasi zamani, nyumba ilipokuwa mpya, kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine, kufuata dira. Ulikuwa mstari wa kuanzia. Miguu mitatu ilipangwa juu yake, halafu nyota ndiyo iliyomaliza kazi, kwa sababu nondo zilizomo ndani ya zege ziliivuta dira na mstari ukaenda kombo. Nguzo yangu tuliijenga juu yake. Nilimwona akiukamata uzi wa timazi kwa vidole viwili, akausikiliza ulipoangukia, akatikisa kichwa. Akatoa spana. Akalegeza boliti ya kushoto, akakaza ya kulia, akapapasa tena, mpaka timazi ikashuka juu ya mstari wake. Kisha akakaza zote, akafunika, akaifuta spana kwa shati.

Nilitoka nyuma ya tangi. Sikupaza sauti, maana nilijua nikiipaza nitalia.

"Kwa hiyo ni wewe."

Alishtuka, akageuza uso upande wa tangi, si upande wangu. Nilidhani anakwepa macho yangu.

"Baba, kama hutaki niende, sema. Nifunge kwa mdomo, usinifunge kwa spana."

Aliukunja uzi wa timazi kwenye kidole, akaufungua, akaukunja tena. Nilimwambia mengi, na mengine sitayarudia hapa. Nilimwambia mama asingefanya hivi. Nilimwambia miaka yangu imeishia kwenye ngazi zile, naishi kati ya ukuta wa karakana na kufuli mbili, na kwamba mtu akimfuga ndege angalau humtazama. Hakujitetea. Mwishoni alisema tu:

"Sitaigusa tena. Ilenge wewe, mara ya mwisho. Nakuahidi."

Siku nzima nyumba ilikuwa kama imefiwa. Shangazi aliweka chakula mezani bila utani, jambo ambalo nililihesabu kuwa dalili mbaya. Baba alijimiminia chai mwenyewe, ncha ya kidole imeingia ndani ya kikombe, kama alivyokuwa akifanya siku zote, na mimi kama siku zote nikawaza kwamba wazee wana mambo. Saa ya ukutani iligonga saa ambayo si yake. Ile ilikuwa kero nyingine. Baba aliivua kioo na kuirekebisha kwa namna ambayo kila siku ilizidi kuwahi kwa dakika nne, na mtu akijaribu kuirudisha anakuja juu. Shangazi alisema fundi saa mwenye saa mbovu ni sawa na mpishi mwenye njaa.

Jioni nikapanda. Anga lilikuwa safi. Nililenga kwa subira niliyoikopa sijui wapi, nyota ya juu, nyota ya mashariki, ya juu tena, na jua lilipokuwa limezama kitambo tu, ikakaa. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Ilikuwa imetulia kwenye nywele zangu za darasa la nne, nukta nyeupe, haitingishiki. Nikasema moyoni, basi, nimetoka. Karakana ilikuwa bado inapasua mbao na unga ulikuwa unapepea, kwa hiyo nilikivuta kifuniko nikaziba mdomo wa darubini, nikaiacha mota inazunguka, nikaenda nyuma ya tangi kuchukua turubai.

Niliporudi, baba alikuwa ameinama kwenye lenzi.

Sikumsikia akipanda. Alikuwa ameishika darubini kwa upole, jicho la kulia kwenye lenzi, la kushoto amelifumba kama anavyowafundisha wageni. Nikasimama na turubai mkononi, nikitarajia aseme mbona ni giza. Ningemjibu kwa mkato kwamba kifuniko kipo, na ugomvi wetu ungeendelea pale ulipoishia.

"Imekaa," alisema. "Imekaa palepale kwenye unywele wako. Haitikisiki hata kidogo. Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Nenda."

Kifuniko kilikuwa kimeziba mdomo wote wa darubini. Mle ndani hamkuwa na nyota, hamkuwa na unywele, hamkuwa na chochote.

Nilitaka kusema kitu, nikasema, "Ahsante, baba," kisha nikanyata kukigusa kifuniko. Akatabasamu kuelekea mahali nilipokuwa nimesimama mwanzo, si nilipokuwa sasa. Kisha akashuka, mkono juu ya ukuta, akihesabu ngazi kwa midomo. Niliona midomo ikihesabu. Nimeishi naye miaka yote ile na sikuwahi kuiona.

Nilikaa chini ya nguzo, na mambo yakanijia moja baada ya jingine. Duka lililofungwa. Mgongo. Kidole ndani ya kikombe. Saa isiyo na kioo. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, halafu nikaona hasira juu ya aibu, kwa sababu nilielewa pia nini kimenipata mimi. Saa moja tu iliyopita nilikuwa nimetoka. Sasa nilikuwa nimerudishwa ndani na mlango umefungwa kwa upande wangu, na aliyenirudisha ni mtu aliyekuwa ananisukuma nje kwa mikono miwili. Nitamwachaje? Nilimchukia kwa dakika chache, nasema ukweli, nilimchukia kwa kuwa kipofu. Kisha nikalia.

Shangazi nilimkuta jikoni akichambua mchele. Nilimuuliza, "Shangazi, tangu lini?" Hakuniuliza tangu lini nini. Alisukuma sinia pembeni, akasema yeye ndiye aliyempeleka kwa daktari, ni presha ya macho, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Baba alimwapisha asiseme. "Na mimi nikiapa naapa," alisema, "si kama nyinyi wasomi." Lakini aliyasema akifuta macho kwa upindo wa kanga.

Kabla ya kulala nilisimama mbele ya saa ya ukutani. Nilipeleka kidole kwenye mishale yake, taratibu, kama angefanya yeye. Dakika nne kila siku. Nyota nazo huwahi dakika nne kila siku. Haikuwa saa mbovu, ilikuwa saa ya nyota, na ilikuwa imevuliwa kioo ili isomwe kwa kidole. Na yale mapengo ya tupa kwenye duara za shingo, mawili mawili na matatu matatu, yalikuwa namba za kidole. Mzee alikuwa amejipangia kila kitu. Atasoma saa kwa kidole, atageuza darubini kwa kidole mpaka pengo lake, na sayari itakuwemo ndani ya lenzi, na wageni wataangalia wakati yeye anasimulia, na hakuna atakayejua. Wala mimi. Mpango wote ulihitaji kitu kimoja tu, shingo iwe imelenga ncha sawasawa. Ndiyo maana alikoroga zege kwa haraka. Na ndiyo maana kila alfajiri alipanda kuhakikisha, akakuta nimeitoa kwenye mstari wake, akanirekebishia. Mimi nilikuwa natengeneza jioni, yeye anaharibu alfajiri, na wote wawili tulikuwa tunafanya kazi moja, ya kunitoa mimi katika nyumba ile.

Jumapili asubuhi nilimkuta barazani. Nilikuwa na patasi na nyundo. Nilimwambia tupande juu, nina la kumwonyesha, na neno lile lilipotoka nikajing'ata ulimi.

Paani nilimkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilipiga moyo konde.

"Baba, mstari wako umekosea."

"Umekosea vipi? Niliufuata kwa dira."

"Dira ilivutwa na nondo. Zamani ulikuwa unaumalizia kwa nyota. Umesahau kwa sababu siku hizi humalizii kwa nyota."

Nilimweleza kuhusu kifuniko. Nilimweleza polepole, kwa maneno machache, na nilimwona akikunja vidole juu ya magoti kimoja kimoja.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ungebaki," alisema.

Nilitaka kumwambia nilibaki hivyohivyo. Nilitaka kumwambia afadhali ningebaki nikijua nimebakia nini. Lakini neno lake lilikuwa limeshanifika. Nilipiga magoti, nikatundika timazi kwenye shingo iliyolengwa na nyota za jana, upande huu na upande ule, nikatia alama zilipoangukia risasi, nikaanza kuchimba. Zege lilikuwa gumu, na mkono wangu wa upimaji haukuzoea nyundo. Alinisikiliza kwa muda, kisha akasema napiga patasi kama mtu anayeogopa kuamsha jirani. Akanyoosha mkono. Nikampa. Mimi nikaishika patasi kwenye alama, yeye akapiga nyundo, na hakuwahi kunigonga kidole hata mara moja.

Tulipomaliza, alipapasa mistari yote miwili. Inaanzia karibukaribu kwenye nguzo, kisha inaachana, na ukingoni inaingia kiganja kizima katikati yake.

"Kote huku?" aliuliza.

"Kote huko."

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyebambwa. Akasema wageni wote wale, miaka yote ile, laiti wangejua mstari wa Profesa unaelekea shimo la choo la jirani. Nilimuuliza kama nizibe ule wa zamani kwa saruji asije akachanganya. Alikataa. Alisema atakata pengo kwenye ule mpya, yeye hachanganyi vitu alivyokwisha kuvishika.

Sitadanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilikuwa chepesi. Mchana nilifunga sanduku na kulifungua, nikalifunga tena. Shangazi alisimama mlangoni akasema akiliona tena limefunguliwa atalitupa barabarani na mimi nikiwa ndani yake. Alikuwa ameziacha funguo za kufuli zote mbili juu ya kitanda changu.

Jioni tulipanda wote watatu. Sikugusa chochote. Baba aliteremka mara moja kusoma saa kwa kidole, akapanda midomo yake ikihesabu, akashika duara ya kwanza, akatafuta pengo, akageuza. Akashika ya pili. Aliwasha mota. Kisha akainama kwenye lenzi kwa mazoea, jicho la kulia, la kushoto amelifumba, akakaa hivyo kidogo, na akainuka.

Alisogea pembeni.

"Angalia wewe," alisema. "Niambie."

Nilikuwa nimekiondoa kifuniko kwa mikono yangu mwenyewe, lakini nilipeleka mkono nikahakikisha. Nikainama. Ilikuwemo, sayari yenye pete, si katikati kabisa, upande wa chini wa unywele, inaelea kwenye weusi. Nikasubiri iteleze. Nilisubiri sana, mpaka shangazi akakohoa. Haikuteleza.

"Ipo, baba. Chini kidogo ya unywele. Imekaa."

"Haisogei?"

"Haisogei."

Aliipapasa shingo ya chuma mpaka akaufikia mkono wangu, akaushika.

"Basi nenda," alisema.